Jino la kupandikizwa hudumu, fizi zikitibiwa kwanza

Jino la kupandikizwa haliozi wala halitoboki kama jino la kuzaliwa nalo. Hata hivyo, ufizi unaolizunguka huugua, na mfupa unaolishikilia huweza kuliwa hadi likalegea na kung'oka. Ndiyo maana wataalamu wa tiba ya meno husisitiza kwamba mgonjwa atibiwe fizi kwanza, ndipo apandikizwe jino. Kinyume cha hapo, jino jipya hutiwa katika kinywa chenye maradhi yaleyale yaliyoling'oa jino la awali.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa watu wa Afrika Mashariki, walio nyumbani na walio ughaibuni. Gharama ya jino moja la aina hii, ukijumlisha upasuaji, skrubu na taji la juu, ni kubwa, na aghalabu hutoka mfukoni mwa mgonjwa mwenyewe. Nchini Uingereza, huduma ya afya ya taifa, NHS, hugharimia vipandikizi katika hali maalumu tu, kwa mfano mtu aliyepoteza meno na sehemu ya taya kwa ajali au saratani. Nchini Marekani, bima ya serikali kwa wazee, Medicare, kwa kawaida hailipii kabisa.

Kwa sababu hiyo wako wanaoweka akiba kwa miaka kadhaa, na wako wanaopanda ndege kwenda Uturuki au India, ama kurudi nyumbani, ambako bei huwa nafuu. Fedha zote hizo zinaweza kupotea kwa ugonjwa ambao ungeweza kuonekana na kutibiwa mapema.

Ugunduzi uliotokana na sungura

Mwaka 1952, katika mji wa Lund nchini Sweden, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mwenendo wa damu ndani ya mifupa. Alipachika vyombo vidogo vya madini ya titani katika mifupa ya miguu ya sungura. Alipotaka kuvitoa ili avitumie tena, vilikataa kutoka. Mfupa ulikuwa umeota na kushikamana na titani kana kwamba ni sehemu ya mwili.

Baada ya miaka mingi ya majaribio, mwaka 1965 katika mji wa Gothenburg, Brånemark alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliyekuwa na kasoro ya taya na upungufu wa meno tangu kuzaliwa. Vipandikizi alivyowekewa vilikaa kinywani mwake hadi alipofariki mwaka 2006, yaani zaidi ya miaka 40. Brånemark mwenyewe alifariki mwaka 2014, wakati mbinu yake ikiwa imekwisha kuenea dunia nzima.

Kipandikizi cha siku hizi kina sehemu tatu. Ya kwanza ni skrubu ya titani inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya na kuwa badala ya mzizi wa jino. Ya pili ni kiungo kinachochomoza kupita katika ufizi. Ya tatu ni taji, yaani jino lenyewe linaloonekana na kutafuna. Kwa kawaida daktari husubiri kati ya miezi mitatu na sita ili mfupa uishike skrubu barabara kabla ya kuivika taji, ingawa wako wagonjwa wanaofaa kuvikwa mapema zaidi.

Tafiti za muda mrefu zinaonyesha kwamba baada ya miaka 10, zaidi ya vipandikizi 9 kati ya 10 huwa vingali mahali pake. Takwimu hiyo inatia moyo, lakini yahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kuwapo kinywani na kuwa na afya ni mambo mawili tofauti. Kipandikizi kinaweza kusimama imara huku mfupa unaokizunguka ukipungua mwaka hadi mwaka.

Tofauti isiyoonekana kwa macho

Kwa nje, jino la kupandikizwa na jino la asili huweza kufanana hata mwenyewe asitambue. Chini ya ufizi, mambo ni mengine.

Jino la asili halikugandamana na mfupa. Limening'inizwa katika tundu lake kwa nyuzinyuzi ndogo nyingi, na nyuzi hizo zina mishipa ya damu na ya fahamu. Nyuzi za ufizi nazo hujichomeka katika mzizi na kufunga njia, hivyo bakteria hupata kizuizi wanapotaka kushuka chini. Na jino likiwa na hitilafu, mara nyingi mwenyewe huhisi.

Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Kimeshikwa na mfupa moja kwa moja, na ufizi umekizunguka tu kama mkono wa shati unavyozunguka kifundo, bila kujichomeka ndani yake. Damu inayofika hapo ni kidogo zaidi, na kwa hiyo askari wa mwili wanaopambana na maradhi nao huwa wachache. Bakteria wakishapenya, huweza kuufikia mfupa kwa kasi kubwa kuliko katika jino la asili, na aghalabu hufanya hivyo bila ya mgonjwa kusikia maumivu yoyote.

Damu isiyouma

Ili kuelewa yanayokisibu kipandikizi, ni vyema kuanza na ugonjwa wa fizi wenyewe.

Kinywa cha binadamu hakikosi bakteria. Kila siku hujenga utando laini juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Utando huo ndio ukoga. Usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa ugaga, kitu kigumu kama chokaa ambacho mswaki hauwezi kukibandua. Juu ya ugaga huo hujengeka ukoga mwingine, na ufizi ulio karibu huvimba, hubadilika kuwa mwekundu na kutoka damu.

Uhusiano huo ulithibitishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1965 na Harald Löe na wenzake katika mji wa Aarhus, nchini Denmark. Watu 12 wenye fizi nzima waliombwa waache kabisa kusafisha meno. Wote walipata uvimbe wa fizi katika muda wa kati ya siku 10 na 21. Waliporudi kupiga mswaki, fizi zao zilipona katika muda wa wiki moja hivi.

Hiyo ni hatua ya kwanza ya ugonjwa, na habari njema ni kwamba hurekebishika. Ikipuuzwa, kwa baadhi ya watu hufuata hatua ya pili. Ufizi huachana na jino na kufanya mfuko, bakteria huingia ndani ya mfuko huo, na mfupa wa taya huanza kuliwa. Mfupa uliokwisha kupotea kwa kawaida haurudi wenyewe. Jino huonekana kurefuka kwa sababu ufizi umeshuka, mianya hufunguka baina ya meno, harufu mbaya hutoka kinywani, na mwishowe jino hulegea.

Katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba ugonjwa mkali wa fizi unawasumbua watu wazima wapatao asilimia 19 duniani, yaani zaidi ya watu bilioni moja. Wengi wao hawajui, kwa kuwa ugonjwa huu hauumi mpaka umefika mbali. Damu inayoonekana kwenye mswaki asubuhi hudhaniwa kuwa ni kwa sababu ya kupiga mswaki kwa nguvu, na mtu hukwepa kusafisha mahali hapo. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Ugonjwa wa kipandikizi

Matatizo ya vipandikizi si ya namna moja. Yako yanayotokea mapema, katika wiki au miezi ya mwanzo, pale mfupa unapokataa kuishika skrubu. Yako yanayotokana na upasuaji wenyewe, kama vile kuguswa kwa mshipa wa fahamu wa taya la chini na mgonjwa kubaki na ganzi ya mdomo. Yako pia ya kiufundi, kwa mfano skrubu kulegea au taji kuvunjika.

Yanayowashughulisha zaidi wataalamu kwa muda mrefu, hata hivyo, ni maambukizi. Hayo nayo yana hatua mbili zinazofanana na zile za ugonjwa wa fizi.

Katika hatua ya kwanza, ufizi unaozunguka kipandikizi huvimba na kutoka damu ukiguswa, lakini mfupa bado ni mzima. Ukoga ukiondolewa vizuri, hali hii huweza kutulia. Katika hatua ya pili, mfupa umeanza kuliwa kuizunguka skrubu, mara nyingi pande zote kama bakuli. Usaha huweza kutoka, ufizi hushuka, na nyuzi za skrubu zikaanza kuonekana. Kipandikizi huweza kubaki kigumu bila kutikisika hadi mfupa mwingi uwe umekwisha. Siku kinapotikisika, kwa kawaida huwa kimekwisha kupotea.

Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikadiria kwamba hatua ya kwanza huwapata takriban asilimia 43 ya watu wenye vipandikizi, na hatua ya pili asilimia 22. Makadirio hutofautiana kwa kadiri ya namna ugonjwa unavyopimwa, lakini kwa vyovyote vile si jambo la nadra.

Nani yuko hatarini zaidi

Wa kwanza ni yule aliyepoteza meno yake kwa sababu ya ugonjwa wa fizi. Bakteria waliokuwa katika mifuko ya meno yaliyobaki huhamia kwenye kipandikizi, na mwili ulioshindwa kuyalinda meno ya awali unaweza kushindwa tena. Hilo halina maana kwamba mtu huyo hafai kupandikizwa. Maana yake ni kwamba anahitaji kutibiwa kwanza, na kufuatiliwa kwa karibu zaidi kuliko wengine.

Wa pili ni mtumiaji wa tumbaku. Moshi wa sigara huidhoofisha mishipa midogo ya damu katika ufizi na kuchelewesha kupona kwa kidonda. Ubaya wake mwingine ni kwamba huificha dalili. Ufizi wa mvutaji hutoka damu kidogo tu hata ukiwa mgonjwa sana, naye hujiona mzima. Wanaovuta shisha, desturi iliyoenea katika nchi za Ghuba na sasa katika miji ya Afrika Mashariki, nao wasijidhani wamesalimika, kwani maji hayaondoi sumu ya tumbaku. Ugoro na tambuu iliyotiwa tumbaku, nazo hudhuru fizi na kuongeza hatari ya saratani ya kinywa.

Wa tatu ni mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake haijadhibitiwa. Sukari nyingi katika damu hudhoofisha kinga na kuchelewesha kupona. Uhusiano huu ni wa pande mbili. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kwamba kutibiwa fizi kulishusha kipimo cha sukari cha muda mrefu, kiitwacho HbA1c, kwa wastani wa asilimia 0.43 baada ya miezi mitatu hadi minne. Kwa mgonjwa wa kisukari, basi, daktari wa meno ni sehemu ya matibabu yake.

Kundi jingine ni la watu wanaotumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa wale wanaodungwa dawa hizo kwa sababu ya saratani iliyoingia mifupani. Kwao upasuaji wa taya unaweza kusababisha sehemu ya mfupa kufa. Mgonjwa wa aina hiyo hana budi kumweleza daktari wa meno dawa zote anazotumia, na wala asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Tiba ya fizi hatua kwa hatua

Kabla ya kutibu, daktari hupima. Hutumia kijiti chembamba chenye alama za milimita na kukipitisha taratibu kati ya jino na ufizi. Kina cha milimita moja hadi tatu ni cha kawaida. Kina kikizidi hapo, na damu ikitoka, kuna mfuko. Picha ya eksirei huonyesha mfupa umeshuka kiasi gani.

Hatua ya kwanza ya tiba iko mikononi mwa mgonjwa: kufundishwa kusafisha meno ipasavyo, kuacha tumbaku na kudhibiti kisukari. Bila hatua hiyo, kazi yote itakayofuata huwa sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Hatua ya pili ni kuondolewa ugaga, juu na chini ya ufizi, kwa vyombo vya mkono au kwa mashine ya mtetemo. Pale penye mifuko mirefu mgonjwa hutiwa ganzi. Wako wanaoikwepa huduma hii kwa kuamini kwamba hulegeza meno. Ukweli ni kwamba meno hayo yalikwisha kulegea, nao ugaga ndio uliokuwa umeyashikiza kama saruji. Ugaga ukitoka na uvimbe ukinywea, mianya iliyokuwa imezibwa huonekana. Meno kuhisi baridi kwa siku chache ni jambo la kawaida.

Baada ya wiki kadhaa, aghalabu miezi mitatu, daktari hupima upya. Mahali ambapo mfuko umebaki na kina cha milimita sita au zaidi, huenda ukahitajika upasuaji mdogo wa kuufunua ufizi na kusafisha mzizi kwa kuuona. Kinachotafutwa ni mifuko isiyozidi milimita nne na isiyotoka damu. Hatua ya mwisho ni ufuatiliaji, nao hauna mwisho, kwa kuwa ugonjwa wa fizi hutulizwa na huweza kurudi wakati wowote.

Dawa za kusukutua zenye klorheksidini husaidia kwa muda mfupi, hasa baada ya upasuaji, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu hutia meno madoa na kubadilisha ladha ya chakula. Ama vidonge vya antibayotiki, ambavyo katika miji yetu mingi hununuliwa dukani bila cheti cha daktari, haviwezi kuondoa ugaga wala kupenya ukoga uliojijenga. Huleta nafuu ya siku chache na kuacha bakteria sugu.

Maswali kabla ya kukubali

Mtu anayefikiria kupandikizwa jino ana haki ya kuuliza, na daktari makini hatachukizwa. Je, fizi zangu zote zimepimwa, au ni pengo pekee lililotazamwa? Je, mfupa unatosha, na umepimwa kwa picha gani? Je, meno niliyoambiwa yang'olewe hayawezi kutibiwa? Swali hili la mwisho ni muhimu, kwani jino la asili lenye ugonjwa wa fizi uliotibiwa laweza kudumu kwa miaka mingi, na jino lililong'olewa halirudishwi.

Yafaa pia kuuliza taji litafungwaje. Likigundishwa kwa saruji, masalio ya saruji hiyo yakibaki chini ya ufizi huwa chanzo cha maambukizi, hivyo ni lazima yaondolewe yote. Tena umbo la taji liruhusu kibrashi kupita pembeni mwake. Taji zuri lisilosafishika ni zuri kwa muda mfupi tu.

Kwa anayesafiri kwenda kutibiwa nchi nyingine, swali kubwa ni hili: tatizo likitokea baada ya mwaka mmoja, nani atalishughulikia? Uchunguzi uliofanywa na chama cha madaktari wa meno cha Uingereza, BDA, na kutangazwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba wengi wa madaktari waliohojiwa walikuwa wamewahi kutibu wagonjwa waliopata matatizo baada ya kutibiwa nje. Hilo halithibitishi kwamba tiba ya nje ni mbaya. Ugumu hutokea pale mgonjwa anapopewa ratiba ya siku chache isiyotoa nafasi ya fizi kutibiwa wala mfupa kupona, kisha akarudi nyumbani bila kumbukumbu yoyote.

Kwa hiyo mgonjwa asiondoke bila karatasi yenye jina la kampuni iliyotengeneza kipandikizi, aina yake, urefu na upana wake, na namba ya toleo. Skrubu na bisibisi za kampuni moja mara nyingi haziingiliani na za nyingine, na daktari wa Dodoma au wa Birmingham asiyejua ni aina gani huweza kushindwa hata kukaza skrubu iliyolegea. Pamoja na karatasi hiyo, aombe nakala ya picha ya eksirei iliyopigwa siku taji lilipovikwa. Picha hiyo ndiyo kipimo cha kulinganishia miaka yote itakayofuata. Bila hiyo, daktari mwingine hulazimika kukisia mfupa ulikuwa wapi mwanzoni.

Matunzo ya kila siku

Baada ya kupandikizwa, kazi kubwa hufanyika nyumbani. Mswaki laini mara mbili kwa siku, kwa dakika mbili kila mara, na dawa ya meno yenye floridi kwa ajili ya meno ya asili yaliyobaki. Mswaki peke yake haufiki kati ya meno, hivyo ni lazima kutumia uzi wa meno au vibrashi vidogo vya kupita katika mianya. Mahali penye kipandikizi, vibrashi hivyo ndivyo vinavyofaa zaidi, na daktari ndiye anayechagua ukubwa wake.

Neno lenyewe mswaki asili yake ni kijiti cha mti, na desturi hiyo ingali hai katika pwani yetu na katika nchi za Kiarabu. WHO imekwisha kuitambua miswaki ya miti kuwa chombo kinachofaa mahali inapotumika kwa desturi. Ukitafunwa ncha hadi ukalainika na kutumiwa taratibu, mswaki wa mti husafisha upande wa nje wa meno vizuri. Upungufu wake ni sehemu za ndani na mianya ya kati, na kwa mwenye kipandikizi hautoshi peke yake. Mkaa na chumvi ya mawe viepukwe, kwa kuwa hukwaruza meno na kujeruhi ufizi. Katika mwezi wa Ramadhani, nyakati nzuri za kusafisha kikamilifu ni baada ya futari kabla ya kulala, na baada ya daku.

Hata mwenye bidii nyumbani anahitaji kumwona daktari. Kwa aliyewahi kuugua fizi, miadi huwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Kwa mwingine yeyote mwenye kipandikizi, isipite miezi 12. Katika miadi hiyo ufizi hupimwa kwa kijiti, ugaga huondolewa, na picha hupigwa inapohitajika.

Tatizo likishatokea

Damu wakati wa kupiga mswaki, ufizi mwekundu, ladha mbaya, usaha, au taji linalocheza, kila moja ya dalili hizo yatosha kumpeleka mtu kwa daktari katika wiki hiyohiyo. Mara nyingine kinacholegea ni skrubu ya taji tu, jambo linalorekebishika kwa dakika chache likiwahiwa.

Ikiwa ni uvimbe bila upungufu wa mfupa, kusafishwa na kuelekezwa upya namna ya kusafisha huweza kutosha. Ikiwa mfupa umepungua, tiba huanza kwa kusafisha bila kupasua, kisha hupimwa upya. Isiposaidia, ufizi hufunuliwa, skrubu ikasafishwa, na pengine mfupa wa kupandikiza ukaongezwa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2023 na shirikisho la Ulaya la wataalamu wa fizi, EFP, hauungi mkono matumizi ya kawaida ya antibayotiki za kumeza pamoja na usafishaji huo wa awali. Matokeo ya tiba katika hatua hii hayana uhakika kama katika meno ya asili, na wakati mwingine uamuzi wa busara ni kukiondoa kipandikizi ili kuokoa mfupa uliobaki.

Katika kanda ya Afrika ya WHO kuna madaktari wa meno wapatao watatu tu kwa kila watu 100,000, takriban sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Hali hiyo inaongeza thamani ya huduma rahisi kuliko zote, yaani kuondolewa ugaga mapema. Gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kipandikizi kimoja, na hufanywa katika hospitali nyingi za mikoa zenye kitengo cha meno.

Si kila pengo lahitaji skrubu ya titani. Daraja linaloshikwa na meno ya jirani, au meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, hufaa watu wengi, na pengo la nyuma lisilosumbua huweza hata kuachwa. Uchaguzi wowote utakaofanywa, kinachotangulia ni kilekile: fizi zipimwe, zitibiwe, na zisimame kutoka damu kabla ya fedha kulipwa kwa ajili ya jino jipya.